Mtini wa Mzee Nunzio

Nyumba ya Mawe, Harwick, Ohio
20 Oktoba 1996

Dada Ilona,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, ukiacha mafua ambayo kila mtu humu ndani anayo kwa sababu tunanywea vikombe visivyooshwa. Tafadhali usianze. Shangazi Margit ameniandikia: goti bado linamsumbua, na yule paka aliyeapa kuwa ni dume amezaa. Anasema hujamwandikia tangu Pasaka. Nami nimemwambia meli unayopikia haina meza ya kuandikia, kwa hiyo ukimwandikia, usinifanye mwongo.

Sasa jambo lenyewe. Nimepokewa rasmi kwenye chama cha udugu cha wanafunzi hapa chuoni, na nimehamia Nyumba ya Mawe pamoja na wenzangu. Najua utasema nini kuhusu vijana wanaoweka herufi za Kigiriki juu ya mlango na mapipa ya bia nyuma yake. Lakini hawa ni watu wema, dada. Rais wetu anaitwa Grady, mrefu kama ngazi, na hupika uji wa watu wote siku za mtihani.

Nimepewa cheo pia. Mimi ndiye mkuu wa huduma kwa jamii. Cheo hiki hupewa mtu asiyekuwepo kwenye kikao, nami nilikuwa bafuni. Kazi yangu ni kuwatoa watu hawa kitandani waende kufanya jambo la maana mjini. Kila mwaka nyumba yenye saa nyingi za huduma hupewa kombe na chuo. Mwaka jana tulishindwa na wasichana wa ng'ambo ya barabara, na wameliweka lile kombe dirishani, limetugeukia sisi.

Nyumbani kumeanza baridi lakini chumba changu kiko juu ya jiko, hivyo usiwe na wasiwasi. Nawe tunza vidole vyako huko ziwani.

Ndugu yako,
Tibi

*

Meli ya Lucinda Hale, Ziwa Superior
9 Novemba 1996

Mdogo wangu Tibi,

Barua yako imenifuata kutoka bandari hadi bandari mpaka ikanipata Detroit. Pale boti ya posta hujisogeza ubavuni mwa meli, nasi tunashusha ndoo kwa kamba. Ndoo ikipanda, wanaume wazima wanasukumana kama kuku. Siku hiyo nilipata barua yako na bili ya daktari wa meno.

Mimi mzima. Juzi mawimbi yalikuwa makubwa, sufuria yangu ya kabichi zilizojazwa nyama ikaruka ikamwagikia fundi wa injini. Hakuumia, ila alinuka paprika mpaka Jumatano. Shangazi nimemwandikia. Sikumtaja paka.

Hongera kwa cheo. Sitasema uongo, bado sielewi kwa nini mtu alipe ada ili apate ndugu wakati anaye mmoja wa bure. Lakini kama wanakupikia uji, nitanyamaza kidogo.

Umeandika "nyumbani." Kwanza nilidhani unasema nyumba yetu ya Lorain, halafu nikakumbuka tuliiuza baada ya mazishi ya mama. Hilo tuliache.

Osha vikombe.

Dada yako,
Ilona

*

Nyumba ya Mawe, Harwick
24 Novemba 1996

Dada Ilona,

Salamu. Mafua yameisha, vikombe vimeoshwa, na KOMBE NI LETU!

Ngoja nikueleze. Jumamosi iliyopita niliwaamsha wote alfajiri kwa kugonga sufuria, tukashika reki, tukasafisha Mtaa wa Buckeye kutoka mwanzo hadi mwisho. Hatukuchagua nyumba. Tuliingia kila ua, tukakusanya majani makavu na kila aina ya takataka. Mwandishi wa gazeti la chuo alikuja akatupiga picha.

Kazi kubwa ilikuwa kwa jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, Mzee Nunzio Fabrizi. Yuko Akron kwa binti yake tangu afanyiwe upasuaji wa nyonga. Ua wake ulikuwa unatia huruma, dada. Kuna mti mmoja alioukumbatisha mazulia machakavu, blanketi, na karatasi za lami, zote zimekazwa kwa kamba, na ndani majani yamejazwa mpaka shingoni. Juu yake ndoo imefunikwa. Ulikuwa kama mlevi aliyelala amesimama. Kamba nilizikata mimi mwenyewe. Tulipeleka uchafu wote jalalani na mti ukabaki wazi, unapumua. Grady alisema mzee akirudi atalia kwa furaha.

Usijali kuhusu Krismasi, mahali pa kula nimepata. Na wewe?

Tibi

*

Toledo, Ohio
5 Januari 1997

Mdogo wangu,

Heri ya mwaka mpya. Maziwa yamefungwa kwa barafu na meli imefungwa hapa Toledo mpaka mwisho wa Machi. Wenzangu wamekwenda makwao. Kampuni ilitaka mtu wa kubaki kuilinda, nikakubali. Kazi ni nyepesi na ninasoma sana. Shangazi amenitumia soksi na picha ya watoto wa paka. Ana mpango wa kukupa mmoja, kwa hiyo jitayarishe kukataa kwa upole.

Hongera kwa kombe. Lakini nina swali moja, na limenikaa kooni tangu nilipoisoma barua yako. Yule mzee, mlimuuliza? Mtu hafuniki ndoo juu ya mti kwa bahati mbaya.

Swali la pili: Krismasi ulikula wapi?

Ilona

*

Harwick
2 Februari 1997

Dada Ilona,

Salamu. Theluji imeanguka tena. Mtihani wa kemia ulikuwa mgumu lakini nimepita. Shangazi ameniletea ule ujumbe wa paka, nimemwambia nyumba yetu hairuhusu. Baridi ya Januari ilikuwa kali, mabomba ya ghorofa ya juu yalipasuka.

Hakuna jipya zaidi.

Tibi

*

Toledo
12 Februari 1997

Tibi,

Nimezoea barua zako zenye kelele. Hii ya mwisho imeandikwa kama ya mtu wa bima. Mimi nimekufuta kamasi tangu ukiwa huwezi kutembea, usinifiche mambo nyuma ya hali ya hewa.

Kuna nini?

Ilona

*

Nyumba ya Mawe, Harwick
2 Machi 1997

Dada,

Samahani kwa kuchelewa. Nilianza barua hii nikaichana, nikaanza tena.

Mzee Nunzio alirudi katikati ya Januari, siku chache baada ya ile baridi iliyopasua mabomba. Nilimwona kutoka dirishani. Alishuka kwenye gari la binti yake na mkongojo, hakuingia ndani, alikwenda moja kwa moja uani akasimama mbele ya ule mti. Kisha akaugusa, na gome likabanduka mkononi mwake.

Ni mtini, mti wa tini. Kitawi chake cha kwanza baba yake alikuja nacho kutoka Calabria ndani ya koti. Huku kwetu hauwezi kuhimili baridi bila kufungwa, Waitaliano wote wa mtaa huu wanajua, na sisi hatukujua kwa sababu hatukumuuliza mtu yeyote. Sasa ni mweusi kutoka juu hadi chini.

Sijamaliza. Kuna majirani ambao kwa miaka wametaka Nyumba ya Mawe ifungwe kwa sababu ya kelele. Malalamiko yao yalikuwa hayasogei kwa sababu jirani wa karibu kabisa, Mzee Nunzio, alikuwa hakubali kutia saini. Alikuwa akisema mtaa usio na kelele ni makaburi. Sasa ametia saini. Kamati ya chuo itatusikiliza tarehe 24 Aprili. Wakikubaliana na majirani, nyumba inafungwa na sote tunatoka kabla ya Juni.

Tulijaribu kurekebisha. Tulichanga, tukanunua mtini mpya kwenye kitalu, tukaufunga utepe mwekundu, tukavaa makoti yetu yenye herufi, tukasimama kwenye ngazi zake watu wote tukamwimbia. Alifungua mlango, akatutazama mpaka ubeti wa pili, akafunga. Kesho yake mtini mpya ulikuwa mlangoni kwetu, na utepe wake.

Sijui la kufanya. Nyumba hii ikifungwa wenzangu watarudi kwa wazazi wao. Mimi sina kwingine, dada, na naogopa.

Tibi

*

Toledo
9 Machi 1997

Mdogo wangu mpendwa,

Mimi mzima, shangazi mzima, paka wazima. Tusipoteze karatasi.

Mlimwimbia? Mtu amefiwa na mti wa baba yake na ninyi mkamwimbia, tena na utepe? Nimecheka peke yangu melini mpaka nikaogopa sauti yangu, halafu nikakaa chini na moyo ukaniuma kwa ajili yako.

Nisikilize. Kijana wa meli akiniunguzia sufuria sitaki aniletee maua. Nataka ashike steli wulu asugue, na huku anasugua aniulize aliunguzaje. Wewe nenda kwa huyo mzee peke yako. Vua hilo koti. Usiende na kamera wala zawadi, na usimwombe afute saini, hata kwa kuzungukazunguka. Muulize mtini unafungwaje. Halafu funga mdomo wako usikilize, jambo ambalo najua litakuwa gumu kwako kuliko kemia.

Tunaondoka Toledo barafu ikipasuka. Barua zitachelewa.

Dada yako,
Ilona

*

Nyumba ya Mawe, Harwick
6 Aprili 1997

Dada Ilona,

Salamu nyingi, popote ulipo majini. Shangazi anasema goti limepoa. Nina habari njema na mbaya, na zote mbili zimetokea ndani ya banda moja la gari.

Nilikwenda kama ulivyosema, na fulana tu, nikitetemeka. Mzee Nunzio alifungua mlango nusu.

"Umekuja kuimba?"

"Hapana, mzee."

"Kamera iko wapi?"

"Sina."

"Basi unataka nini?"

"Nimekuja kuuliza mtini unafungwaje."

Alinitazama juu mpaka chini. "Mwezi wa tatu? Watu wanauliza hilo mwezi wa kumi, bwana mdogo." Akageuka akaanza kutembea kurudi ndani. Nilidhani ndiyo basi. Kumbe alikuwa ameacha mlango wazi. "Futa viatu!" akapiga kelele kutoka jikoni.

Nilikaa kimya, dada. Ungenisifu. Aliniambia zamani alikuwa anaufunga na kaka yake Sal, mmoja anakumbatia matawi na mwingine anazungusha kamba. Sal alikufa mwaka juzi. Vuli iliyopita, na nyonga imeoza, aliufunga peke yake. Ilimchukua wiki nzima. Mafundo ya chini aliyafunga amekaa kwenye kiti cha jikoni alichokuwa anakiburuta kuuzunguka mti.

"Nyinyi mliufungua kabla ya chai," akasema.

Nililia pale pale, na yeye akanisogezea sahani ya biskuti ngumu kama matofali, kisha akajifanya anatafuta miwani.

Nimekuwa nikienda kila wiki. Jumatatu iliyopita akaniambia, "Leta wenzio. Na hakikisha mmoja ni mrefu." Basi tukaenda. Alitupanga ndani ya banda lake la gari, akamtazama Grady, akasema, "Wewe ndiye mti."

Grady akainua mikono. Mzee akatuonyesha jinsi ya kuvuta matawi polepole, yaani mikono ya rais wetu, na kuyafunga pamoja juu bila kuyavunja. Halafu blanketi. Halafu zulia. "Kaza kiunoni! Hapo upepo utaingia! Wewe mti, acha kucheka!" Tukamjaza majani, tukamfunika ndoo. Mzee akaingia ndani kuleta kamba nyingine.

Wakati huo huo akapita mlinzi wa chuo. Mlango wa banda uko wazi. Anaona nini? Vijana wa Nyumba ya Mawe wamemzunguka mtu aliyefungwa ndani ya zulia, ana ndoo kichwani.

"Mnamtesa nani humo?" akauliza.

Na Grady, kutoka ndani ya ndoo: "Mimi ni mtini!"

Nakuapia ndivyo alivyosema. Mlinzi aliandika, na mzee alipotoka na kamba yake, mlinzi alikuwa ameshakwenda. Unajua hapa chuoni kutesa wanafunzi wapya wanapopokewa kwenye chama ndilo kosa lisilosamehewa. Nyumba zimefungwa kwa madogo kuliko hilo. Sasa limeongezwa kwenye faili letu, na kila tunapoeleza kwamba Grady si mwanafunzi mpya bali ni rais wetu, na kwamba alikuwa mti, tunaonekana wendawazimu.

Nilipomweleza mzee, alitikisa kichwa tu. Sikumwomba chochote. Ulinikataza, na hata usingenikataza nisingeweza.

Zimebaki wiki chache. Niandikie ukiweza.

Tibi

*

Nyumba ya Mawe, Harwick
27 Aprili 1997

Dada Ilona,

Barua yako haijafika. Nakuwaza kwenye ukungu huko juu. Mimi mzima, na shangazi amempa Grady yule paka, lakini hilo ni la barua nyingine.

Kikao kilikuwa Alhamisi. Mwenyekiti wa kamati ni Daktari Haverly wa idara ya historia, mwanamke mwenye sauti ya chini inayokufanya ukae wima. Yakasomwa malalamiko ya majirani. Ikasomwa taarifa ya mlinzi, pamoja na maneno "mimi ni mtini," na hakuna aliyecheka. Grady akajieleza. Mimi nikajieleza. Nikasema kamba za mwezi wa Novemba nilizikata mimi, tukahesabu ni saa za huduma, tukapewa kombe kwa hizo. Ndipo nikaona sura za wanakamati na nikajua tumekwisha.

Mlango wa nyuma ukafunguliwa. Mzee Nunzio, suti ya kanisani, mkongojo mkono mmoja, na mwingine anaburuta kipande cha zulia.

"Huyu mrefu ndiye aliyefungwa," akasema kabla hajaulizwa. "Na aliyemfunga ni mimi. Bado si vizuri. Kiuno kilikuwa legevu."

Daktari Haverly akavua miwani. "Bwana Fabrizi, jina lako limo kwenye malalamiko haya."

"Najua, niliandika mwenyewe. Nifutie."

"Kwa hiyo umewasamehe?"

"Nani kasema nimewasamehe? Hawa ni wajinga. Wajinga waliosoma, wabaya zaidi. Lakini mkiwatawanya, Novemba nani atakuja kunishikia matawi? Wewe?"

Kisha mwanakamati mmoja akasema kwa upole kwamba wameelezwa mti umekufa.

"Juu umekufa," mzee akasema. "Chini sijui. Wewe unajua? Shina la mtini halisemi mpaka Juni. Likitoa hata kijiti, kijiti kitahitaji blanketi. Lisipotoa, binamu yangu Youngstown ana kitawi cha mti huu huu, na hicho nacho kitataka watu. Mimi nina miaka mingi na nyonga ya chuma. Nawataka hawa. Nimeshaanza kuwafundisha, sitaki kuanza upya na wengine."

Tulitolewa nje wakashauriana. Nyumba inabaki wazi, kwa mwaka mmoja wa kuangaliwa. Kombe tumelirudisha, wasichana wa ng'ambo wamelipokea bila kusema neno, na hilo lilituumiza zaidi. Kuanzia sasa hatuingii ua wa mtu kabla ya kubisha hodi na kuuliza.

Nilikaa kwenye ngazi za jengo nikalia, na Grady akajifanya anafunga viatu.

Sasa na mimi niseme lililonikaa. Krismasi nilikula maharage ya kopo peke yangu ndani ya Nyumba ya Mawe. Wenzangu wote walikuwa makwao. Sikukuambia kwa sababu hukunialika, nikadhani hunitaki tangu niliposema "nyumbani."

Mdogo wako,
Tibi

*

Meli ya Lucinda Hale, Duluth
18 Mei 1997

Tibi wangu,

Barua zako mbili zimepanda ndani ya ndoo moja. Ile ya banda la gari niliisoma kwa sauti kwenye chakula cha jioni, na sasa fundi wa injini akiulizwa lolote anajibu, "Mimi ni mtini." Ile ya pili niliisoma stoo, nimefunga mlango.

Sikukualika kwa sababu sikuwa na pa kukualika. Nilikula mayai mawili jikoni melini nimevaa koti, na wewe upo mwendo wa asubuhi moja tu kwa basi. Niliona aibu. Mimi ndiye niliyeamua Lorain iuzwe, na tangu hapo sijapata mlango wa kukufungulia. Uliposema "nyumbani" nilikasirika, lakini si kwako. Niliona wivu kwamba wewe umepata na mimi bado. Tumekuwa wajinga sisi wawili, na mimi hata sikusoma kama wenzako.

Nimekwenda kwa nahodha kuomba likizo ya Novemba. Alinikumbusha kwamba Novemba ndio mwezi wa dhoruba na hakuna mpishi anayepewa ruhusa. Nikamwambia basi atafute mpishi mwingine wa kabichi. Amefikiri siku mbili, ametia saini.

Nakuja. Muulize Mzee Nunzio kwanza kama ananikubali uani kwake. Usimwambie nitakuja, muulize. Akikubali, mwambie nimekaa na mabaharia miaka yote hii na wamenifundisha fundo moja ambalo upepo wa ziwa haujawahi kulifungua. Yale mafundo ya chini, aliyoyafunga amekaa kwenye kiti, aniachie mimi.

Dada yako,
Ilona